Maadui wa Mwalimu wa Darsait

Ile biriani sikuipika mimi. Niliinunua mtaa wa Mawaleh, kwa mama mmoja anayepikia watu wa harusi, nikaimwaga kwenye sufuria langu, nikayapeleka makontena ya foili kwenye pipa la taka la mtaa wa pili ili yasinisute, na mgeni wangu alipoingia nilimpokea nikijipangusa jasho ambalo sikuwa nalo. Kwa miaka sita nimeulizwa habari za biriani ile, kwa utani na bila utani, na kwa miaka sita nimeapa kwamba nilisimama jikoni tangu asubuhi. Naliweka hili mwanzo kwa sababu ndilo dogo. La pili, nililolikana kwa nguvu zaidi, ni kwamba nilikuwa na wivu.

Mgeni wa siku hiyo alikuwa Mwalimu, bibi mjane. Ana jina, bila shaka, lakini tangu nimjue sijasikia mtu akilitumia. Fundi cherehani wa chini ya fleti yake, Darsait, ambaye Kiswahili chote anachokijua ni salamu, naye humwita Mwalimu. Alisomesha kemia mpaka akastaafu. Nilipomjua mimi kemia alikwisha iacha, na kazi yake ilikuwa kuangamiza sayari.

Nieleze mchezo wenyewe, maana nilipoelezwa mimi mara ya kwanza nilidhani nataniwa. Watu wanne au watano hukaa kuzunguka meza. Mmoja ni msimulizi. Wengine kila mmoja ana mtu wake wa kubuni, rubani au daktari au mwizi wa mafuta ya roketi, naye humwambia msimulizi mtu wake anafanya nini. Jambo likiwa la hatari, dadu hurushwa kuamua. Hakuna ubao na hakuna mshindi. Kuna hadithi tu, huko baina ya nyota, inayotungwa na wote kwa pamoja. Mwalimu aliukuta mchezo huo ndani ya kabati la fleti alipohamia, kwenye boksi lililoachwa na mpangaji aliyetangulia, ukiwa na kanuni kwa Kiingereza na jalada limechanika. Mtu mwingine angelitupa. Yeye alikaa miezi mitatu akizitafsiri kanuni zote.

"Kwa Kiingereza nnacheka tu," aliniambia. "Sitishiki."

Tukawa tunakutana kwake kila Ijumaa baada ya Alasiri. Alikuwepo Salim, mtoto wa ammi yangu, anayekaa dirishani kwenye idara moja ya serikali akipokea fomu. Alikuwepo Restituta, aliyevuka bahari kutoka Muleba, mfanyakazi wa ndani katika nyumba moja ya Mawaleh, ambaye Ijumaa ndiyo siku yake ya mapumziko. Na nilikuwepo mimi, mwenye shahada mbili za fasihi na vitabu viwili vya insha, ambavyo jamaa zangu wa Hail wamevipanga kwenye makabati yao ya vioo kwa namna inayoonesha wazi kuwa havijafunguliwa.

Sasa, michezo ya namna hii huwa na kitabu cha kanuni, na pembeni yake kitabu cha maadui, ambamo msimulizi huchagua nani awaharibie wachezaji siku yao. Kitabu hicho boksini hakikuwamo. Mwalimu akaamua kukiandika yeye.

Aliandika kwenye kadi za manila, alizozikata kwa mkasi kwa kipimo kimoja, kwa kalamu ya kijani, kwa kuwa nyekundu, alisema, ilikwisha waumiza watoto wa watu vya kutosha. Adui mmoja kadi moja. Mbele aliweka mambo ya nje: sura, meli, silaha, nguvu kwa hesabu ya moja mpaka kumi. Nyuma aliandika majibu ya maswali matatu, yaleyale kwa kila adui. Anataka nini? Anampenda nani? Anashindwaje?

Nyuma ya kadi ndiyo ilikuwa kadi. Mwalimu alikuwa na kisa alichokirudia mpaka Restituta akawa anakimalizia, cha mwanafunzi wake bora kuliko wote, aliyejibu upande wa mbele wa mtihani bila kosa hata moja, akafunga kalamu, akaegemea kiti, akawatazama wenzake wanavyohangaika. Hakuugeuza. "Nusu ya mtihani iko nyuma," Mwalimu alikuwa akisema, "na yeye amekaa anatabasamu." Restituta hudakia: "Na ndiye aliyekuwa na akili kuliko wote, jamani." Tulicheka kila mara. Mimi nilicheka kwa sauti kuliko wenzangu.

Siri ya maadui wake ilikuwa kwamba wote ni watu aliowajua. Aliwabadilisha sura, umri, hata jinsia, akawapa mikono minane au ngozi ya chuma, lakini ndani walikuwa wao. Na alikuwa na sharti lake: "Simtii mtu kitabuni mpaka nimpende. Unomchukia humjui, utaandika nini?" Tena hakumwandika mtu mpaka ale kwake, nyumbani kwa mtu huyo, kwa mkono wa mtu huyo. Alisema mtu humjui kwa maneno yake, unamjua kwa namna anavyokupa nyama.

Kwa hiyo mtaona hali ilivyokuwa. Kuwa adui wa Mwalimu ilikuwa ndiyo kupendwa na Mwalimu. Na asiyekuwamo kitabuni hakuhitaji kuelezwa zaidi.

Salim aliingia mwaka wa kwanza. Alikuwa Bibi wa Muhuri, mwanamke mwenye mikono minane anayelinda lango la pekee kati ya jua mbili. Hamkatalii mtu kupita. Humwambia tu, kwa upole, arudi kesho na nakala moja zaidi, na kwenye foleni ya meli zinazongoja watu wamezaliwa, wameoana na wamekufa. Anampenda nani? Mama yake, humpigia simu mara tatu kwa siku, na wakati huo lango huwa wazi. Salim alifurahi hata akaitoa kadi nakala akaibandika ofisini, pembeni ya dirisha lake. Watu walioko foleni wakawa wanaisoma.

Restituta alifuata. Mwalimu alialikwa Mawaleh wenye nyumba wakiwa safarini, akala ndizi na maharage kwenye kimeza cha jikoni, na Ijumaa ya pili Mpishi wa Kituo cha Saba alikuwa tayari: mzee wa makamo, kibogoyo, aliyeteka kituo kizima cha kijeshi bila risasi, kwa kujua tu kila askari anakula nini akiwa na huzuni. Restituta alimsomea mama yake kwa simu palepale mezani. "Mama, huku mimi ni adui mkubwa sana. Ndiyo. Nguvu tisa." Akasikiliza. "Anauliza kama wananilipa," akatuambia.

Marehemu mume wa Mwalimu naye yumo. Ni Jemadari anayejenga daraja kati ya nyota mbili na kila akikaribia kumaliza hukumbuka kazi nyingine. Fundi cherehani yumo, anashona nguo za angani zinazobana kidogo kwapani, na waliozivaa hugombana bila kujua sababu. Yumo hata paka wa kwenye ngazi. Paka alipata kadi mbili, zilizounganishwa kwa pini.

Mimi nilimwalika Mwalimu kwangu Hail mara tatu. Mara ya kwanza nilimpikia mwenyewe, samaki, akakauka. Mara ya pili nilimpikia tena, nikamwonesha na maktaba yangu, akasimama mbele yake muda mrefu akasema, "Mashallah, vumbi huna." Mara ya tatu ndiyo ile biriani. Alikula vizuri. Alirudia. Aliuliza nimetia nini, nikataja viungo kumi na kimoja, viwili katika hivyo, nilikuja kujua baadaye, havitiwi kwenye biriani. Alitikisa kichwa kwa heshima. Wiki ilipita, mwezi, mwaka. Kadi haikutoka.

"Kwani wewe una wivu?" Salim aliniuliza siku moja tukiwa garini.

"Wivu wa nini? Wa mchezo wa kitoto?"

"Wa paka."

Niliongeza sauti ya redio mpaka tukafika mzunguko wa Ruwi.

Ukweli ni kwamba wivu wangu ulikuwa na vyumba viwili. Kimoja ni hicho, cha kuachwa nje. Kingine kilikuwa kibaya zaidi. Mimi ndiye niliyesomea kazi hii. Mimi ndiye ninayeweza kukueleza kwa nini mhusika fulani anaishi na mwingine anakufa ukurasani, na nimeeleza, mbele ya watu, kwa kipaza sauti. Lakini mwanamke huyu, ambaye hakuwa na televisheni, ambaye alikiri kwamba hajawahi kuona filamu ya anga hata moja kwa sababu zina kelele, aliinama kwenye kadi ya manila wakati chai inachemka na akainuka na mtu mzima ndani yake. Wangu wote walikuwa na nadharia. Wake walikuwa na njaa.

Hakuwa mtakatifu. Alidanganya waziwazi. Alirusha dadu nyuma ya kiwambo alichokikata kwenye boksi la tende, na Restituta alipokuwa amechoka na wiki yake, dadu za Mwalimu zilikuwa zikishindwa mfululizo kwa namna ambayo mwalimu wa sayansi alipaswa kuionea haya. Aliua mende kwa kumfungulia mlango. Lakini aliwahi kuuzima mwezi wenye watu milioni mbili, akaondoka kwenda kuswali, akarudi akauliza nani hajapata kaimati. Neno "sumu" hakulikubali litumike ovyo. Ukimwita mtu sumu alikukata: "Usin'ambie ni sumu. N'ambie kiasi gani."

Simu aliichukia. Alikuwa hasikii vizuri sikio la kushoto na hakuliamini la kulia, basi aliiweka simu wazi mezani kwa sauti ya juu kabisa, akaiinamia kama mtu anayetazama kisimani, na nyumba nzima ikajua habari zako. Akimaliza alichotaka hukata. Kuagana, alisema, ni kwa watu wanaoondoka.

Na mimi je, mezani kwake nilikuwa nani? Nilikuwa na mtu wangu wa kubuni, daktari wa meli, sikumbuki hata jina lake. Nilichokifanya zaidi ni kusaidia. Mwalimu aliwahi kutupeleka kwenye mwezi wa barafu uliokuwa na bahari chini yake, na viumbe wanaoimba ili kuona, na watu wote mezani walikaa kimya kwa utamu. Nikamwambia mwezi huu ni mzuri mno, ila jina lake lina silabi moja zaidi. Akasema ahsante. Hatukurudi tena kwenye mwezi ule. Nilikuwa nikijiuliza kwa nini.

Mwaka huu mkono wa Mwalimu ulianza kutetemeka, na herufi za kijani zikawa hazisomeki ila na sisi tuliozizoea. Salim akasema kitabu kichapwe kabla hakijapotea. Alikwisha zungumza na duka la kuchapa la Ruwi, nakala hamsini, kazi ipelekwe baada ya wiki mbili, Jumapili. Kilichobaki ni mtu wa kukipiga chapa na kukisafisha lugha. Wote wakanitazama.

"Wewe ndiye mwenye jicho," Mwalimu alisema, akanisukumia bati la biskuti lenye kadi za maadui thalathini na sita.

Nililibeba lile bati mpaka Hail kwenye kiti cha mbele, nimelifunga mkanda. Sitaficha nilichofanya nilipofika. Sikuvua hata abaya. Nilizimwaga kadi kwenye meza ya kulia chakula nikajitafuta. Nilijua Mwalimu hubadilisha watu, basi sikutafuta mwanamke wa Hail. Nilitafuta mtu mkubwa. Nilianza na wenye nguvu kumi, nikashuka kwa tisa, kwa nane. Kulikuwa na mwanafalsafa aliyekula jua, nikatumaini, lakini nyuma ya kadi alimpenda dada yake mwenye duka la mikate, na mimi sina dada. Kulikuwa na maktaba hai inayowameza wasomaji. Ikawa ni mwalimu mkuu wake wa zamani. Usiku ulipoingia nilikuwa nimewajua wote isipokuwa wawili watatu wa nguvu ndogo, na mimi sikuwamo.

Basi nikawa msahihishaji. Hakuna msahihishaji mkali kama aliyeachwa nje ya kitabu. Kwa siku tisa niliandika, nilikata, nilinyoosha. Kwenye kadi ya thalathini na tatu nikamkuta Mkaguzi wa Nyota. Mzee mwembamba wa kiume, kanzu isiyokunjika, kalamu sikioni. Meli yake ndogo, safi, ina kiti kimoja. Silaha hana. Nguvu mbili. Huingia mahali watu wanapofurahi, husifu, husahihisha jambo moja dogo, huondoka, na furaha haikai tena kama ilivyokuwa.

Nikaona hapa Mwalimu amechoka. Adui asiye na silaha, asiye na jeshi, nguvu mbili, nani atamwogopa? Nikaandika pembeni kwa penseli, na maneno yangu nayakumbuka: "Dhaifu. Hasadikiki. Aondolewe." Nikaitia kadi kwenye droo ya jikoni, nikaendelea na ya thalathini na nne. Nilijisikia vizuri kwa mara ya kwanza wiki hiyo.

Jumatano nilimpelekea kitabu. Alikuwa peke yake, amekaa dirishani, cherehani ya chini ikisikika kupitia sakafu. Alikuwa amepungua. Alinimiminia kahawa kwa mikono miwili ili mmoja uushike mwingine, nami nikatazama pembeni ili asione kwamba naona. Nikamwekea kurasa mapajani. Hakuzisoma. Alizipitisha kidole, moja moja, midomo ikihesabu.

"Wapo thalathini na watano," alisema.

"Ndiyo, Mwalimu. Mmoja nimemwondoa."

"Nani?"

"Mkaguzi. Alikuwa dhaifu kidogo. Wenzake walimzidi mno."

Aliinua uso akanitazama, kwa utulivu, kama alivyokuwa akitazama kitu kinachochemka kujua kama kitabadilika rangi. Nilingoja anigombeze. Nilikuwa nimejiandaa, nilikuwa na hoja nne.

"Ahaa," alisema. "Kula tende."

Nilirudi Hail nikiwa na ushindi usio na ladha. Njiani nilijikuta nasema peke yangu, kwa sauti, kwamba miaka yote hii nimeendesha gari kutoka Hail mpaka Darsait kila Ijumaa kwa ajili ya mtu ambaye ameona paka anafaa kuandikwa.

Ijumaa sikwenda. Nilimwandikia Salim kwamba kichwa kinaniuma. Saa kumi na moja kasorobo simu ikalia, na kwa kuwa Mwalimu hapigi simu, niliipokea nimesimama.

"Masalkheri, Mwalimu."

"Akheri. Ile kadi ya Mkaguzi unayo?"

"Ninayo. Ipo jikoni."

"Uliigeuza?"

Niligeuka kuitazama droo.

"Mbele palinitosha," nilisema.

Mtu aliyesomesha maisha yake yote ana kimya chake maalumu.

"Kaitwae," alisema.

Nikaenda. Nikafungua droo, nikaitoa kadi kati ya vijiti vya mishikaki na kiberiti, nikaigeuza. Maandishi yalitetemeka lakini nayajua.

*Anataka nini? Aambiwe abaki. Hawezi kuomba, kwa hiyo hukagua.*

*Anampenda nani? Wote aliowakagua. Hajawaambia.*

*Anashindwaje? Silaha haimpati. Mwambie biriani ile unajua imetoka wapi. Niliila, na sote tukanyamaza, kwa kuwa tunampenda. Akikana, amekushinda. Akicheka, vita vimekwisha.*

Nilikaa kwenye sakafu ya jikoni, mahali ambapo, kwa hesabu ya uongo wangu, nilisimama tangu asubuhi.

"Umefika kwenye biriani?" Mwalimu aliuliza.

Nyuma yake nikasikia kiti kikiguna, na kijiko, na mtu anayezuia pumzi. Simu ilikuwa wazi mezani. Wote walikuwapo.

"Nimefika."

"Enhe. Uliipika?"

Miaka sita ni mazoea. "Wallahi, Mwalimu, mimi tangu asubuhi nili..." nikaanza, na hapo nikajiona nimebeba makontena ya foili ndani ya abaya nikivuka kwenda pipa la mtaa wa pili, nikitazama kulia na kushoto kama jasusi, na kitu kikanitoka ambacho sikukiruhusu.

"Dada, unacheka au unalia?" Restituta aliuliza.

"Anacheka," Salim alisema. "Namjua huyu."

Nikasikia dadu zikiviringika juu ya meza, zikasimama. Na namjua Mwalimu, hata zingeonesha nini, angezisoma atakavyo.

"Amekwisha," alisema. "Restituta, andika. Na wewe, Jumapili haijafika. Irejeshe kadi yangu pahala pake, baina ya marehemu na paka."

Akakata simu.